Aliyekiuza Kitabu cha Kalumbe

Généreuse Bitasimwa alifika kituo cha polisi cha Mweso saa moja kamili asubuhi, tope limempanda hadi magotini, na alipopewa kiti alikikataa. Inspekta Lévi Asukulu aliweka kikombe chake cha chai juu ya jalada. Alimfahamu. Alikuwa binti wa Papa Édouard, sekretere mzee wa lokalite ya Kalumbe, ambaye siku hiyo alitimiza siku ya tisa kwenye kasho nyuma ya kituo kwa kosa la kuuza kitabu cha lokalite.

"Mama amekufa," Généreuse alisema. "Jogoo ya kwanza iliwika, yeye akaenda. Tunamuzika leo saa munane. Nimekuya kuomba Papa aende kumutupia udongo."

"Pole sana, dada."

"Asante. Unamufungulia?"

Lévi aliliangalia jalada, maana jalada halina macho ya kumtazama mtu. "Mtuhumiwa aliyekiri hatoki. Kesho asubuhi gari la waendesha mashtaka wa parke linakuja kumchukua kwenda Goma. Akinitoroka leo, nitajibu nini?"

"Iko na miaka makumi saba na mbili, Inspekta. Atakimbilia wapi?"

"Utaratibu ndio unavyosema. Si mimi."

"Kule kwetu wanaume wamekatala kubeba jeneza," Généreuse alisema. "Chefu Philippe aliwaambia Papa aliuzisha jina ya kilima. Banasema jamaa ya ule muntu ijizikie. Kama Papa mwenyewe akiwa pale, akisimama mbele yao, batasikia haya. Batabeba."

Lévi alisema angelifikiria jambo hilo. Wakubwa wa ofisi wana namna yao ya kusema hapana, na Généreuse hakuwa mgeni wa ofisi. Alitoka bila kuaga, akapanda tena nyuma ya pikipiki iliyomleta.

Lévi hakuwa mtu mbaya. Tuseme hivyo mapema, kwa sababu baadaye itakuwa vigumu kulisema. Alizaliwa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, ambako wazazi wake walikuwa wamekimbilia, na Kiswahili alifundishwa na walimu waliomchapa kila alipokosea ngeli. Kisha akafanya miaka kumi na mmoja ya upolisi Kisangani, mji ambao Lingala ndiyo inayotamba. Hapa Kivu alikuwa na majuma matano tu. Watu wa Mweso walipenda kumsikiliza, wakisema anaongea kama redio. Yeye naye aliwacheka kidogo moyoni kwa zile mu zao na zile iko zao, akadhani tofauti inaishia hapo.

Kesi yenyewe ilikuwa imenyooka mpaka ikamfurahisha. Kalumbe ni kilima kimoja chenye vijiji vinne kwenye njia ya Pinga, mahali Masisi inapokwisha na Walikale inapoanza, au kinyume chake. Inategemea umemuuliza nani. Jina ni la mtegaji wa Kinyanga aliyetoka msituni na kuweka mitego yake pale kabla hakujawa na Mbelgiji wala ramani. Mbelgiji alipofika, karani wake, mtu wa kutoka mbali, aliandika alivyosikia: Karumbi. Tangu siku hiyo kilima kikawa na majina mawili. Wanaotaka kiwe cha Masisi husema Karumbi, wanaotaka kiwe cha Walikale husema Kalumbe, na serikali imekihamisha mara tatu, zote bila kuwauliza wanaolala pale.

Kitabu ndicho kilichoshika yote hayo. Kiliandika nani alikuwa chefu mwaka gani, nani alizaliwa, nani alikufa, nani alipewa shamba kutoka mto upi mpaka mti upi. Pembeni mwa ukurasa wa kwanza, kwa wino mwingine, mtu alikuwa ameandika: *soma Kalumbe*. Wajumbe wa mipaka walitarajiwa mwezi uliofuata, na chefu wa sasa, Philippe, alijulikana kuwa mtu wa Karumbi. Ndipo kitabu kilipotoweka ofisini. Philippe mwenyewe ndiye aliyeleta mashtaka: mwenye ufunguo wa kabati, alisema, ni sekretere peke yake.

Siku chache baadaye brigadia Jules alinunua karanga sokoni Mweso, zikiwa zimefungwa kwenye ukurasa wa arobaini na moja. Mama wa karanga alisema karatasi alipewa na Jean-Luc Katembo, mfanyabiashara kutoka Butembo mwenye butiki karibu na njia ya Kitshanga. Jean-Luc akamtaja Papa Édouard. Na Papa Édouard akakiri kwa dakika ishirini. Lévi alizisifia dakika hizo ishirini kwenye simu, kwa mkuu wake wa Goma, mara mbili.

Sasa alilifungua jalada na kuyasoma tena maswali na majibu, yale aliyoyaandika kwanza kwa Kiswahili kwenye daftari lake kabla ya kuyatia katika Kifaransa, kama sheria inavyotaka.

*Ulikiuza kitabu? Ndiyo, nilikiuza.*

*Kwa nani? Kwa Jean-Luc.*

*Mlipatana nini? Mbuzi moja.*

*Ulifanya hivyo kwa nini? Juu ya Kalumbe.*

*Kitabu kiko wapi sasa? Kinalala pazuri.*

Jibu hilo la mwisho lilikuwa limemkera. Kurasa zinafungiwa karanga, na mzee anamwambia zinalala pazuri. Aliona ni kiburi. Alikuwa ameipekua nyumba ya mzee akitafuta kurasa zilizosalia: chumba cha mbele, jiko, dari. Chumba cha ndani alikuwamo Mama Rosalie, mke wa mzee, mgonjwa wa kutoweza kugeuka, na kwa heshima hawakumgusa. Orodha ya upekuzi ilikuwa na mstari mmoja tu: *kamba ya mbuzi, mbuzi hakuna*. Alidhani mbuzi wa malipo alikwisha kuliwa.

Lilibaki jambo dogo, sahihi ya Jean-Luc kwenye maelezo yake ya Kifaransa kabla gari halijaja. Angeweza kumtuma Jules. Alikwenda mwenyewe saa tano, kwa sababu ukuta kati ya ofisi yake na kasho ulikuwa wa mbao, na upande wa pili mzee alikuwa akikohoa. Kifo cha mkewe Lévi hakuwa amemwambia. Alijiambia kwamba atamwambia baada ya karatasi kukamilika, na alijua kabisa kwamba anajidanganya.

Jean-Luc alikuwa nyuma ya meza yake ya butiki, miwani kwenye paji la uso, akipanga sabuni. Kabla Lévi hajafungua mdomo, mama mmoja aliingia na kibidoni mkononi, akampita bila kumjali.

"Papa Jean-Luc, nakuya kuuza mafuta."

Lévi alimtazama mama mikononi, akamtazama mgongoni, akachungulia hata nje ya mlango, akitafuta hayo mafuta yaliyoletwa kuuzwa. Hayakuwepo. Kibidoni kilikuwa kitupu. Jean-Luc alikichukua, akakijaza mafuta ya mawese kutoka pipa lake, akamrudishia. Mama alilipa, akajitwisha, akaenda zake.

"Yule mama amesema amekuja kufanya nini?" Lévi aliuliza.

"Kuuza mafuta."

"Lakini mafuta ni yako."

"Njo maana amekuya kuuza kwangu." Jean-Luc alishusha miwani ili amwone vizuri. "Yeye anauza, mimi ninauzisha. Ku kwenu banasema namna gani?"

"Kununua."

"Ah. Ile tunaisikiaka ku redio."

Lévi aliweka karatasi juu ya meza. Asubuhi Généreuse alikuwa amesema *aliuzisha*. Alilisikia neno lile, akaliacha lipite, akiliona ni jingine katika zile mu na iko.

"Papa Jean-Luc, nijibu polepole. Siku ile Papa Édouard aliingia hapa na nini mkononi?"

"Mbuzi."

"Akatoka na nini?"

"Kitabu. Na kamba. Mbuzi aliniachia, kamba akakatala. Alisema kamba haikukuwa mu mapatano."

"Huyo mbuzi yuko wapi?"

Alikuwa uani, amefungwa kwenye gogo kwa kipande cha waya wa umeme, anatafuna maboksi. Sikio lake la kushoto lilikuwa na mikato miwili. "Alama ya nyumba ya Bitasimwa," Jean-Luc alieleza. "Kule Kalumbe kila nyumba iko na yake. Ata mutoto atakuonyesha."

"Kwa nini hukuniambia kwamba yeye ndiye aliyekichukua kitabu?"

"Nilikuambia." Mfanyabiashara alikuwa anaanza kuudhika, na alikuwa na haki. "Uliniuliza: nani aliuza kitabu kwako? Nikasema Édouard njo aliuza kwangu. Ukasema asante, ukaandika Kifaransa kilometa mbili. Mimi nikajiuliza, kuuza kitabu imekuwa kosa tangu lini?"

"Na wewe ulikipata kwa nani?"

"Kwa chefu Philippe. Alileta mufuko ya bikaratasi, akasema paa ya ofisi inavuya, bimeoza, nifungie karanga. Alitoa bure. Nikashangaa, juu ule muntu hatoake kitu bure. Nilitoa kurasa moja moja kwa mama wa karanga. Édouard aliona maandishi yake ku karatasi pale sokoni, akakuya hapa anatetemeka. Akaacha mbuzi, akabeba byote byenye bilikuwa bimebakia."

"Hayo hukuyasema."

"Haukuuliza kitabu ilitoka wapi. Uliuliza tu nani aliuza."

Ilikuwa kweli. Lévi alikuwa ameingia butiki siku ile na swali moja, na swali lile lilikuwa limekwisha kujijibu kabla halijaulizwa. Alisimama uani karibu na mbuzi, akayapitisha yale majibu matano kichwani. *Nilikiuza. Kwa Jean-Luc. Mbuzi moja. Juu ya Kalumbe.* Hakuna neno hata moja la kubadilisha. Mzee hakuwa amekiri kitu. Alikuwa amesimulia jinsi alivyotoa mbuzi wake wa mwisho kukiokoa kitabu cha watu, na polisi mwenye Kiswahili safi alikuwa amemshukuru na kumfunga. Kinalala pazuri. Bila shaka kilikuwa kinalala pazuri, mahali pekee ambapo polisi kwa heshima zao hawakupekua. Aibu haikumwacha Lévi tena siku hiyo.

Kituoni alimkuta Jules mlangoni.

"Jules, nikikwambia nimeuza shati, shati nimelipata au nimelitoa?"

"Umeipata, Chefu." Jules alimwangalia kifuani. "Iko wapi?"

"Uliyasoma maelezo ya Papa Édouard?"

"Nilisoma. Lakini ku Kifaransa uliandika aliuzisha. Nikajua muzee mwenyewe alikuambia vile."

"Mimi ndiye niliyemwekea neno hilo mdomoni." Lévi alichukua ufunguo ukutani. "Nenda kamkamate Philippe. Yeye ndiye aliyekitoa kitabu. Mpitishe kwa Jean-Luc kwanza, Jean-Luc arudie mbele yake habari ya mfuko wa karatasi, na wewe uandike kwa Kiswahili. Kiswahili chenu."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na nusu alipofungua mlango wa kasho. Papa Édouard alikuwa ameketi juu ya blanketi alilolikunja pembe nne, mgongo wima, kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Lévi alikuwa na mambo mawili ya kumwambia na hakujua lipi litangulie. Alianza na lile ambalo halina dawa.

"Papa, Mama Rosalie amefariki."

"Lini?"

"Alfajiri ya leo. Wanamzika saa nane. Na wewe uko huru, Papa. Nilikosea. Nilidhani kuuza ni kuuzisha."

Ilikuwa wazi kwamba sehemu ya pili ya maneno yale ilikuwa imefika masikioni mwa mzee na kuishia hapo. Alinyanyuka kwa kujishikilia ukutani, akatafuta viatu vyake. Havikuwa na kamba. Mahabusu hunyang'anywa kamba. Lévi alirudi ofisini kuzitafuta kwenye droo, akamwaga vitu vyote sakafuni, akazipata, akapiga magoti kumfungia. Mzee alimwachia miguu.

Walipanda pikipiki ya kituo, Lévi akiendesha. Njia ya Pinga ilikuwa imekatika mahali pawili kwa mvua za juma lile, na mara mbili walishuka kusukuma, mzee naye akisukuma japo alikatazwa. Lévi alijaribu kuomba msamaha walipofika kivuko cha kwanza. Papa Édouard alisema, "Angalia njia." Baada ya hapo hakujaribu tena. Kila kona aliangalia saa, na kila alipoiangalia alizihesabu zile saa alizokaa mezani asubuhi, chai ikipoa, uamuzi wote ukiwa mkononi mwake.

Kalumbe walifika saa nane na nusu. Mawingu yalikuwa yamekaa chini kabisa juu ya kilima, na kwa kuogopa mvua walikuwa wameharakisha. Kaburi lilikuwa limefunikwa. Wanawake wanne walikuwa wakipigapiga udongo kwa majembe ili ushike, nguo zao zimeraruka mabegani mahali mbao za jeneza zilipokalia. Mmoja wao alikuwa Généreuse. Wanaume walikuwa wamesimama mbali, kwenye ukingo wa shamba la maharagwe, mikono mfukoni, na hakuna aliyekuwa na jembe.

Papa Édouard alikwenda moja kwa moja kaburini. Lévi alibaki nyuma, kati yake na wanaume wale, akajua kwamba hili lilikuwa lake na hana wa kumsaidia.

"Ndugu zangu," alisema, "Papa Édouard hakukiuza kitabu."

Wanaume walitazamana. Mmoja wao, mrefu mwenye kofia ya sufu, akauliza, "Kama hakukiuza, basi alikiiba?"

Lévi alifumba macho. Mdomo wake ulikuwa umerudia kosa lile lile, mbele ya watu wale wale. Alianza upya, akilipima kila neno kabla ya kulitoa.

"Hakukiuzisha. Chefu Philippe njo alikitupa, akakipeleka butiki kifungiwe karanga. Papa Édouard alikiuza kwa Jean-Luc, kwa mbuzi yake, ili kisipotee. Yeye aliniambia hivyo tangu siku ya kwanza. Mimi njo niliandika vibaya. Kosa ni yangu, siyo yake. Na Mama Rosalie hakukuwa na kosa yoyote."

Mwenye kofia aliivua, akaikamata kwa mikono miwili. Mwingine alianza kwenda kaburini, akafika nusu ya njia, akaona kwamba hakukuwa na kazi iliyobaki ya kufanya, akasimama pale pale katikati ya maharagwe.

Généreuse alikuwa ameingia nyumbani. Alirudi na kitu kilichofungwa katika kitenge, akakiweka magotini mwa baba yake, ambaye alikuwa ameketi kwenye jiwe.

"Kilikuwa chini ya mugodoro ya Mama," alisema. "Ile siku ya ba polisi nilimuambia tumuhamishe. Akakatala. Alisema ba polisi batakirudisha kwa chefu, yeye atakilalia mupaka urudi."

Mzee alikifungua kitabu, akapita kurasa zilizochanika hadi alipofika sehemu ya vifo. Alinyoosha mkono bila kugeuka, na Lévi akampa kalamu yake. Aliandika jina la mkewe, jina la baba yake na mama yake, mwaka aliozaliwa. Aliandika tarehe. Aliandika *Kalumbe*. Mwandiko ulikuwa ule ule wa ukurasa wa arobaini na moja, umesimama vizuri, hautetemeki hata kidogo.

"Walimubeba banani?"

"Mimi," Généreuse alisema. "Na Mama Adelaïde, na Mukashema, na Kétsia."

Aliyaandika majina manne, moja chini ya jingine. Wanaume walikuwa wamesogea kiasi cha kusikia, na mzee hakuwauliza kitu. Kisha akamgeukia Lévi, kwa mara ya kwanza tangu kasho.

"Généreuse alifika ku biro yako saa ngapi?"

"Saa moja."

"Na ulinifungulia saa ngapi?"

Lévi alikuwa na mengi ya kueleza. Kulikuwa na Kigoma na Kisangani, kulikuwa na gari la parke, kulikuwa na neno moja ambalo kila upande uliliamini. Lakini hayo hayakuwa yameulizwa.

"Saa sita na nusu," alisema.

Papa Édouard aliziandika saa zote mbili na jina la aliyekuwa na ufunguo. Akangoja wino ukauke, akakigeuza kitabu upande wa Lévi, akamwekea kalamu juu yake.

"Soma. Kama iko sawa, tia sahihi."

Lévi alisoma. Ilikuwa mistari mitatu ya Kiswahili, na hakukuwa na neno hata moja ambalo hakulielewa. Akatia sahihi.